Sala ya Paa

Nyaguthii alikuwa anapima chakula cha vifaranga dukani kwake Kitengela wakati mteja alipomwambia, "Mama, unaonekana umechoka. Hebu nikusomee kitu kitakuinua moyo."

Mteja mwenyewe alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Kajiado, mtu ambaye Nyaguthii hakuwahi kumwona. Alitoa simu mfukoni mwa sweta, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Bwana, kabla sijawasha jiko hili, niwashe mimi kwanza. Kabla sijauliza watu wangu watakula nini, nikuulize wewe unataka niwe nini leo."

Koleo la kupimia lilisimama hewani.

"Hayo maneno ni ya nani?" Nyaguthii akauliza.

"Ni ya Roho Mtakatifu, mama," mteja akajibu, kama mtu aliyeulizwa jua ni la nani. "Yanatumwa tu. Nikutumie? Nipe namba."

Nyaguthii akampa namba. Simu ikatetemeka ndani ya aproni. Akaifungua, akaiona sala yake mwenyewe, neno kwa neno, na juu yake ile alama ndogo inayosema kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Jina lake halikuwepo popote.

"Si inabariki?" mteja akasema, akijitwika mfuko wake begani.

"Inabariki," Nyaguthii akajibu, akairudisha simu ndani ya aproni.

Sala hizo alikuwa ameziandika kwa miaka mitatu, kila alfajiri, maji ya chai yakichemka. Zilikuwa sala za wanawake wenye kazi nyingi: ya kabla ya jiko, ya kufunga duka, ya mtoto asiyepiga simu nyumbani. Kila moja aliifunga kwa namna wanayofungia mahubiri kanisani kwao, pale mchungaji anaposema "mwambie jirani yako" na watu wote wakageukiana. Kitabu alikiita *Kabla ya Jiko*. Mhariri mmoja wa Nairobi, Bwana Makokha, wa kampuni ndogo inayochapa vitabu vya Kikristo, alikuwa amekisoma na kukubali kukichapa. Aliweka sharti moja tu.

"Mama Nyaguthii," alimwambia kwenye simu, "hakikisha kazi hii haizunguki mtandaoni. Ikiwa watu wako nayo bure, mimi nitamuuzia nani? Siku ya kutia sahihi nitakuuliza, na utanijibu kama mtu anayemcha Mungu."

Siku yenyewe ilikuwa imekaribia. Nyaguthii hakuwa amelala vizuri kwa furaha. Sasa hakulala kwa sababu nyingine.

Mbali na Makokha, watu waliokuwa na faili la kitabu walikuwa watatu tu. Wa kwanza alikuwa Pasta Wamalwa, mchungaji wake, aliyepewa ili aangalie kama kuna mafundisho yaliyopinda. Wa pili alikuwa Shirleen, msichana wa saiba, lile duka la kompyuta karibu na steji ya matatu, aliyekichapa kitabu. Wa tatu alikuwa Apondi, mwenzake wa maombi, mama mpangaji aliyetoka upande wa magharibi mumewe alipopata kazi huku. Kwa miaka mingi yeye na Apondi walikuwa wakishikana mikono kila Jumatano na kuombeana mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua. Apondi alipewa faili kwa sababu ya upendo tu.

Nyaguthii akaanza na Shirleen.

Alimkuta akila viazi karai nyuma ya mashine ya kunakili, amevaa kipokea sauti kwenye sikio moja.

"Shirleen, lile faili langu bado liko kwa hii kompyuta yako?"

"Liko, Mama. Nilifute?"

"Kuna mtu mwingine anatumia hii kompyuta?"

Shirleen akatoa kile kipokea sauti. "Mama, hapa ni saiba. Hata maaskofu wanatumia." Akacheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Kwani kuna nini?"

"Sala zangu ziko kwa simu za watu nisiowajua."

"Aii! Basi umekuwa staa."

"Shirleen, hiyo ni kazi ya mtu. Hiyo ni wizi."

Msichana akafuta vidole kwenye karatasi, akamtazama. "Mama, usikasirike. Na zile nyimbo za kwaya unapiga dukani kutwa nzima, ulinunua wapi?"

Nyaguthii akageuka kuondoka. Kadi ya nyimbo alijaziwa na kijana wa duka la simu pale stejini, wala hakuuliza zilitoka wapi. Lakini njiani akirudi aliwaza jambo jingine: mtu anayejitetea haraka hivyo ana kitu cha kujitetea. Kwa nini alirukia nyimbo? Kwa nini alicheka?

Jumapili akakaa kiti cha mbele na kumsikiliza Pasta Wamalwa kwa masikio ya polisi. Katikati ya mahubiri pasta akasema, "Ndugu zangu, kuna watu wanawasha majiko kila siku lakini wao wenyewe wamezima." Kanisa likasema amina. Nyaguthii hakusema. Aliposalimiwa mlangoni aliuvuta mkono wake kabla pasta hajamaliza kuutikisa.

"Dada Nyaguthii, uko sawa?"

"Niko sawa, Pasta. Mahubiri yalikuwa mazuri. Niliyafahamu kabisa."

Pasta akatabasamu, akamgeukia mtu aliyefuata. Nyaguthii akalitazama lile tabasamu kutoka kwenye ngazi. Lilikuwa la mtu asiye na hatia, au la mtu aliyezoea kutabasamu?

Apondi ndiye aliyeona jinsi alivyobadilika. "Wewe siku hizi unaomba umefungua macho," alimwambia Jumatano. "Nani amekukosea? Nitajie tumwombee."

"Bado sijui."

"Ukijua utaniambia?"

"Utakuwa wa kwanza."

Mawazo ya kutega yalimjia akiwa anafagia duka. Panya akizidi kwenye duka la chakula cha mifugo, huhitaji kumwona. Unaweka unga mahali tofauti, asubuhi unaangalia ni unga upi umeguswa. Akakaa juu ya gunia la pumba na kuandika sala mpya, Sala ya Siku ya Mvua. Akaiandika mara tatu kwenye simu, akibadilisha mstari mmoja tu. Nakala ya Pasta Wamalwa ilisema: *Bwana, wewe unayejua dirisha langu lisilofungika.* Ya Shirleen ilisema: *Bwana, wewe unayejua mlango wangu wa nyuma.* Kwa ya tatu hakufikiri sana. Mteja alikuwa mlangoni akiita. Akaandika: *Bwana, wewe unayejua paa langu linavuja wapi, anzia hapo.* Akaifunga kama kawaida yake, akamtumia Apondi.

Nyaguthii alimtumia Apondi tu ili haki ionekane. Moyoni alikuwa ameshaamua ni dirisha au mlango. Na kwa kweli alikuwa anaomba uwe mlango, maana ni rahisi kuhama saiba kuliko kuhama kanisa.

Kila mmoja akapewa maneno yaleyale: "Hii ni ya mwisho, ya kuongeza kitabuni. Naomba maoni yako." Shirleen akajibu kwa alama ya kidole gumba. Pasta akaandika, "Amina, imegusa." Apondi akampigia simu akilia kidogo. "Hiyo ya paa," akasema, "hiyo umepewa, hukuandika." Nyaguthii akashukuru, akakata simu upesi. Aliona haya, kisha akajiambia ni uchovu.

Ikabaki kungoja. Kila mteja aliyeingia dukani na simu mkononi alimwona kama shahidi. Aliomba kuingizwa kwenye vikundi vya akina mama wa makanisa mengine, akasoma kila alichokuta, matangazo ya harusi, maombi ya wagonjwa, picha za maua zenye mistari ya Zaburi. Dirisha halikuonekana. Mlango haukuonekana.

Jumamosi kabla ya siku ya kutia sahihi, akina mama wa kanisa walikwenda Kajiado kumwona mtoto mchanga. Mama wa mtoto alikuwa Nailantei, aliyekuwa akiimba nao Kitengela kabla ya kuolewa. Walibeba unga, sukari, sabuni, blanketi na kuku wawili ambao Nyaguthii aliwatoa mwenyewe. Waliingia uani wakiimba, na mama mkwe akawapokea kwa salamu ya Kimaasai, "Takwenya!" nao wakajibu "Iko!" kwa sauti iliyowatisha mbuzi.

Nyumba ilikuwa ya mabati, imetunzwa vizuri, lakini upepo wa masika ulikuwa umeitesa. Kwenye kona moja kulikuwa na beseni sakafuni. Juu ya kitanda, katikati ya mabati yaliyopauka, bati moja jipya liling'aa. Nyaguthii aliliona, wala hakulifikiria. Mtoto alipitishwa mkono kwa mkono. Chai ikaja, nzito kwa maziwa, na mandazi.

Mwisho mtu akasema, "Mwenye nyumba atuombee tuondoke."

Nailantei akamweka mtoto begani, akafumba macho. Akashukuru kwa wageni, kwa unga, kwa kuku. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayesema maneno aliyoyazoea.

"Na Bwana, wewe unayejua paa langu linavuja wapi, anzia hapo."

Nyaguthii akafungua macho.

Akina mama wote walikuwa wameinamisha vichwa. Mbele yake, karibu na mlango, Apondi alikuwa amefumba macho akitikisa kichwa polepole, na midomo yake ilikuwa inayasema maneno yaleyale pamoja na Nailantei.

Amina ilipoitikiwa, Nyaguthii akamshika Apondi kiwiko. "Njoo nje."

Wakasimama nyuma ya tangi la maji. Ndani wenzao walikuwa wanafungasha vikombe na kucheka.

"Ni wewe," Nyaguthii akasema.

"Mimi nini?"

"Ile sala nilikutumia wewe peke yako. Hakuna mtu mwingine duniani alikuwa na hilo paa. Na zile zingine pia ni wewe. Unajua Makokha alisema nini? Unajua kitabu changu kinaenda kufa kwa sababu yako?"

Apondi alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Nilimtumia Nailantei. Upepo ulibomoa paa lake na yeye alikuwa mjamzito, ningemtumia nini? Na ile ya jiko nilimtumia dada yangu, na yule mama wa maziwa. Kila sala nilipelekea mtu mmoja. Mmoja tu, kama ulivyosema."

"Kama nilivyosema?"

Apondi akatoa simu, akaitafuta sala, akamshikia mbele ya uso. Chini ya kila sala, kwa maandishi ya Nyaguthii mwenyewe, palikuwa na mstari mmoja: *Usikae na neno hili peke yako. Mpelekee jirani.*

"Nilidhani ndiyo kazi uliyonipa," Apondi akasema. "Nilikuwa nafumba macho kila asubuhi naomba, Bwana, jirani ni nani leo? Halafu namtumia. Sikuwa najificha. Ungeniuliza ningekuambia majina yote."

Nyaguthii akausoma ule mstari kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Alikuwa ameuandika mara nyingi mno hata hakuuona tena, kama mtu asivyousikia mlio wa friji ya jikoni kwake. Kila mtu kanisani alifunga hivyo.

"Jina langu liko wapi?" akauliza, lakini kwa sauti ndogo.

"Liko ukurasa wa mbele. Mimi nilinakili sala tu." Apondi akaitazama simu. "Hilo nilikosea. Hilo nimeliona sasa."

"Na ungeniuliza, Apondi. Ile ni kanisani, mtu anamgeukia aliyekaa karibu. Hii simu inageukia Kenya nzima."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema ndiyo."

"Basi shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba hukuuliza."

Apondi akakubali kwa kichwa. Ingeishia hapo, wangerudi ndani wakanywa chai iliyobaki. Lakini Apondi hakuwa mjinga.

"Umesema ulinitumia mimi peke yangu," akasema. "Kwa nini? Pasta pia si ulimtumia? Aliniambia alipenda sala ya dirisha. Nikadhani amesahau tu." Akahesabu kitu moyoni, na uso wake ukabadilika. "Nyaguthii. Ulinitegea?"

Nyaguthii akageukia tangi la maji.

"Ulinitegea sala? Kama mtu anamwekea panya unga?"

"Sikudhani ni wewe. Wewe nilikuweka tu ili—"

"Nililia kwa ile sala! Nilikupigia simu nikilia!" Sauti yake ilipanda, mbuzi wakageuka. "Mimi nilipeleka neno lako bila ruhusa, hiyo ni makosa, nimekubali. Lakini mimi nilikuwa naomba. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Wakati huo Nailantei akatokea kwenye kona ya nyumba, mtoto begani, akija kuwaaga. Aliona nyuso zao, akadhani ni huzuni ya kuachana, akacheka ili awachangamshe.

"Mama Nyaguthii, kumbe ile ya paa ni yako! Apondi aliniambia wakati wa chai. Aki, asante. Unajua mume wangu alikataa kugusa hii nyumba? Parsaoti yeye anataka kungoja, atoe mabati yote aweke mapya, kama nyumba ya chifu. Mimi nalala na beseni tumboni! Basi nikaanza kuomba hiyo sala usiku karibu na masikio yake. *Anzia hapo, Bwana. Anzia hapo.* Siku ya tatu akaamka akasema, sawa, nimesikia, akapanda na bati moja." Akaelekeza kidevu juu. "Sasa nimehamia kwa ile kona ya beseni. Nitaiomba mpaka apande tena."

Apondi aligeuza uso. Nyaguthii alitaka kusema kwamba ile haikuwa sala, kwamba aliiandika juu ya gunia la pumba bila kumtaja Mungu moyoni. Akamtazama mtoto, akamtazama Nailantei, akashindwa.

"Mungu amalize hiyo kona," akasema.

Walipopanda gari la kanisa kurudi, Apondi alikaa mbele na dereva.

Bwana Makokha alikuja dukani Kitengela mwenyewe siku ya kutia sahihi, amebeba karatasi kwenye bahasha ya plastiki. Akakubali soda, akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza kama alivyoahidi: "Mama, mbele za Mungu. Kazi hii imewahi kusambaa?"

Ingekuwa rahisi. Jina lake halikuwa kwenye ujumbe wowote. Nani angejua? Nyaguthii alikuwa amemshuku pasta wake, akamshuku msichana wa saiba, akamtega rafiki yake, yote ili kwa swali hili ajibu hapana. Na angeweza kujibu hapana bado.

"Imesambaa," akasema. "Tena mimi ndiye niliyesema isambae." Akamweleza, akamwonyesha ule mstari.

Makokha alikaa na chupa mkononi. "Hizi zilizotoka ni ngapi?"

"Nyingi, na ni zile nzuri."

Akaiweka chupa chini. Mwisho akairudisha bahasha mkobani. "Siwezi kuchapa hivi. Zilizosambaa zitoke, uandike nyingine mahali pake. Na huo mstari wa jirani utoke kabisa. Ukimaliza tuongee. Siahidi, mama."

"Na ile ya paa?"

"Iko kwa watu?"

"Iko."

"Basi hiyo imeshaenda," Makokha akasema, akasimama kushukuru kwa soda.

Jioni Nyaguthii alipita saiba kumwomba Shirleen msamaha, na Shirleen akamwambia hakujua hata kama ameshukiwa, ila sasa kwa kuwa amejua anataka soda. Pasta Wamalwa alicheka, akasema mfano wa jiko aliutoa kwa Nyaguthii kweli, na Jumapili angelitaja jina lake. Kwa Apondi alikwenda Jumatano, akabisha, akaambiwa na mtoto wa nyumba kwamba mama amelala. Alijua Apondi halali mchana. Akaacha trei ya mayai mlangoni, akarudi. Jumatano iliyofuata akaenda tena. Apondi alifungua, akapokea msamaha akiwa amesimama, akasema, "Nimesikia. Nipe muda."

Mvua ilikuwa inanyesha siku ile ujumbe ulipoingia. Nyaguthii alikuwa ameburura magunia mbali na ukuta unaolowana, simu ikatetemeka ndani ya aproni. Ilikuwa Apondi.

*Dada Nyaguthii. Kuna mama nilikutana naye hospitalini, anatoka Oltepesi. Mume wake amelazwa. Naomba ruhusa nimtumie ile sala ya paa. Nitaweka jina lako.*

Aliusoma mara ya kwanza akitafuta kejeli ndani yake. Akausoma tena, akaona ni ombi tu.

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye neno la kukubali, akasita. Mwanamke wa Oltepesi angepewa maneno ambayo mwenyewe aliyeyaandika hajawahi kuyaomba. Akaiweka simu juu ya mizani. Hakukuwa na mteja. Akapiga magoti kati ya magunia, vumbi la pumba likampanda puani, na juu yake, kwenye kona ambayo fundi aliahidi kuitazama tangu mwaka jana, maji yalikuwa yanadondoka taratibu.

"Bwana," akasema, "wewe unayejua paa langu linavuja wapi."

Akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Anzia hapo," akasema.

Kisha akainuka, akapangusa magoti, akamwandikia Apondi: *Mtumie. Na asante kwa kuniuliza.*